Sura ya 4: Baba Asiye na Mshahara Atamfundisha Nini Mwanawe?

Swali hili huulizwa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye foleni ya maji, nje ya kanisa baada ya ibada, na kwa kinyozi mteja akisubiri zamu yake. Maneno hutofautiana, kiini ni kimoja: "Mimi mwenyewe sina kazi. Mtoto wangu wa kiume ana miaka 14, hanisikii tena. Nimwambie awe mwanaume wa namna gani?" Akina mama wana namna yao ya kuliuliza: "Papa yao alibaki Kongo. Huyu nitamlea vipi peke yangu?"

Majibu hutoka haraka. Msomeshe. Mpeleke kanisani, au madrasa. Akikosea mchape. Lakini mzazi hakuuliza mtoto apelekwe wapi. Ameuliza kuhusu nafsi yake: mfuko ukiwa mtupu, mimi nimebaki na nini cha kumpa? Tukimjibu kwa kumwonyesha mlango wa shule, tumemkwepa.

Naamini amebaki na mambo mengi, na kwamba shida kubwa imetokana na kufunga uanaume na mshahara katika fundo moja. Katika sura hii tutalifungua fundo hilo polepole.

Mahali penyewe

Dzaleka iko wilaya ya Dowa nchini Malawi, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi, iliyopangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wanaishi zaidi ya 50,000. Wengi wametoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda, na wachache Ethiopia na Somalia. Sokoni Kiswahili kinatosha kununua karibu kila kitu.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka 1987, ikasema wazi kwamba baadhi ya vifungu haitafungwa navyo, vikiwemo vya ajira na vya kuishi popote mtu apendapo. Ndipo ilipotoka sera ya kambi, yaani kanuni kwamba mkimbizi akae kambini. Kwa miaka mingi kanuni hiyo haikusimamiwa sana. Wakimbizi walifungua maduka Lilongwe, wakapanga nyumba, watoto wakasoma huko. Machi 2023 serikali ikatoa amri wote warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi na wanajeshi wakaanza kuwakusanya. Wavulana waliokuwa wakimwona baba nyuma ya kaunta yake walimwona akipandishwa gari, duka limefungwa.

Kwa hiyo baba wa Dzaleka anapokosa ajira, si mvivu. Sheria imemzuia. Mtoto aambiwe hivyo mapema, kwa maneno mepesi, kabla mtaa haujamfundisha tafsiri nyingine.

Tulichopoteza pamoja na mshahara

Tukumbuke mvulana alikuwaje nyumbani. Mtoto wa mvuvi wa Uvira au Fizi aliingia mtumbwini na baba yake kuvua ndagala wa Ziwa Tanganyika. Mtoto wa mfugaji wa Minembwe alilala na ng'ombe mlimani. Burundi, mtoto alikwenda na wazazi kuchuma kahawa. Hakuna aliyemketisha kwenye kigoda amfundishe uanaume. Alisimama kando ya baba akaona: wavu ukichanika anafanya nini, mteja asipolipa anasemaje naye, akikasirika hasira yake inakwenda wapi. Pesa ilikuwa sehemu ndogo ya somo. Somo lenyewe lilikuwa saa nyingi za kuwa pamoja, mikono ikifanya kazi moja.

Kambini saa hizo zimekatika. Baba anashinda kwenye ubao wa bao au kwenye mazungumzo ya vita vya nyumbani, mtoto anashinda anakojua mwenyewe, wanakutana usiku mbele ya sahani. Halafu tunashangaa kwamba hawaelewani.

Kuna kazi kambini zisizohitaji kibali cha mtu. Chukua matofali. Nyumba nyingi za Dzaleka ni za matofali ya udongo yasiyochomwa, na mvua za Novemba hadi Aprili huzila. Kila kiangazi ukuta fulani unadai kukarabatiwa. Baba na mwana wachimbe udongo, waukanyage, wafyatue, waanike, wafunike kwa nyasi. Kisha baba afanye jambo moja ambalo wengi tunaliogopa: amkabidhi mtoto ukuta mmoja. Ukipinda, ni wake. Mvua ikipenya, ataurudia mwenyewe. Baba asiurekebishe usiku kwa siri ili majirani wasicheke.

Mvulana hujengwa na kazi ambayo isipofanyika kuna mtu ataumia. Kutumwa vocha dukani hakuhesabiki. Kumwekea bibi maji kila alfajiri kunahesabika, maana bibi asipoyapata hataoga.

Hali ni hiyo hiyo kwa fedha za msaada. Wazazi wengi huwaficha watoto hesabu zake, kwa aibu. Mimi ningemwonyesha mtoto wa miaka 12 hesabu nzima ya mwezi: kilichoingia, unga, mafuta, sabuni, deni la dukani, kilichobaki. Mwombe apendekeze kinachoweza kupunguzwa. Mtoto anayejua kwamba viatu havikununuliwa kwa sababu mdogo wake aliugua malaria, hasira yake ni tofauti na ya yule anayedhani baba hajali.

*Kwa ufupi:* baba asiye na mshahara bado ana muda, ana mikono na ana hesabu ya nyumba. Vyote vitatu anaweza kuvishirikisha leo.

Mvulana na ndoo

Nenda kwenye kisima cha pampu asubuhi yoyote uhesabu vichwa. Wasichana na akina mama. Kaka zao wako wapi? Wanasubiri chai.

Sitalizungusha hili. Mvulana anayehudumiwa na dada yake hadi miaka 18 hatakuwa mume mwema kwa kuhubiriwa siku ya harusi. Ugali, au nsima kama wanavyoita wenyeji, unasongwa na mikono ya jinsia yoyote. Sombe inatwangwa vilevile. Wapo wazee watakaosema unamharibu mtoto, unamfanya mwanamke. Wajibu kwa heshima: "Mzee, akiishi peke yake Lusaka au Johannesburg, atapikiwa na nani?" Wengi watacheka, na mjadala utaishia hapo.

Mama anayelea peke yake asidhani amepungukiwa. Kusema ukweli, kuomba msamaha, kulipa deni, kumtunza mgonjwa, kunyamaza mtu akikutukana: yote haya mama anaweza kuyafundisha. Kosa ambalo nimeliona mara nyingi ni kumwambia mtoto wa miaka kumi, "Sasa wewe ndiye papa wa nyumba hii." Maneno hayo yanasemwa kwa mapenzi, lakini yanamtwika mtoto mzigo wa mtu mzima na wakati huohuo yanampa mamlaka juu ya dada zake asiyoyastahili. Mwambie, "Wewe ni mtoto wangu, na kazi yako humu ni hii." Itatosha.

Mwili unapobadilika na hakuna anayesema

Wasichana, walau baadhi yao, hupata shangazi wa kuwaeleza. Wavulana hupata simu ya rafiki, na yaliyomo kwenye simu hiyo tunayajua.

Kubalehe ni kipindi ambacho mwili wa mtoto unageuka wa mtu mzima. Kwa wavulana wengi huanza kati ya miaka 9 na 14. Sauti inapasuka, nywele zinaota, chunusi zinatoka. Usiku mbegu zinaweza kumtoka akiwa usingizini. Hiyo huitwa ndoto nyevu, na si ugonjwa, si kurogwa, wala si dhambi aliyoitenda. Mvulana asiyeambiwa hivi anaweza kukaa miezi akiamini ana maradhi. Maneno ya baba hayahitaji kuwa marefu: "Hata mimi yalinitokea. Fua shuka yako, maisha yaendelee."

Jambo la pili ni ubongo. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo kabla ya kutenda, huchelewa kukomaa. Huendelea kukua hadi mtu apite miaka 20. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 mwenye kimo cha baba yake bado anahitaji mtu wa kumkumbusha kesho. Hii haimpi ruhusa ya kuvunja vitu. Inakupa wewe sababu ya kurudia neno moja mara nyingi bila kumwita mjinga.

Jambo la tatu ni tohara, ambayo kambini ina utata wake. Wakongo wengi wametahiri tangu zamani. Wachewa, wenyeji wa Dowa, kwa mila hawakutahiri, ingawa Wayao wa kusini mwa Malawi hutahiri. Shuleni hapo hutoka dhihaka mbaya. Mtoto aelezwe mambo mawili: kutahiriwa hakumpi mtu cheo juu ya mwenzake, na kuna faida ya kiafya iliyothibitishwa. Majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, ambayo matokeo yake yalitoka kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanaume kupata VVU, yaani virusi vya UKIMWI, kutoka kwa mwanamke. Inapunguza, haizuii kabisa. Kondomu bado inahitajika. Na ifanyike kituo cha afya, kwa vifaa safi.

Wanaume wengine

Zamani baba hakulea peke yake. Warega na Wabembe wa Kongo walikuwa na lubunga, mahali pa wanaume kukutana, ambapo mvulana aliketi pembeni akisikiliza kesi zikiamuliwa. Warundi walikuwa na bashingantahe, wazee wa kupatanisha wanaosifika kwa kutopendelea. Nje ya kambi, katika vijiji vya Dowa, Wachewa bado wana nyau, chama cha siri chenye ngoma kubwa ya vinyago iitwayo Gule Wamkulu, iliyo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2008. Kijana Mchewa aliyeingizwa nyau anaijua siku aliyovuka kutoka utotoni. Jirani yake mkimbizi hana siku hiyo. Atajitengenezea yake: sigara ya kwanza, pombe ya kachasu, au ngumi.

Sililii kila kitu cha zamani. Baadhi ya mafunzo ya jando yalimfundisha mvulana kudharau mama aliyemzaa, na hayo tuyaache huko yalikofia. Ninachokitafuta ni wanaume watatu au wanne, mbali na baba, wanaomjua mtoto kwa jina na wanaoweza kumwuliza alikuwa wapi jana.

Kambini wapo. Kocha wa mpira. Fundi baiskeli anayemruhusu kushika spana. Tazama hasa wapiga ngoma wa Kirundi. Ngoma yao ya kifalme iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, na namna inavyopigwa ni malezi matupu. Katikati iko ngoma moja, inkiranya, inayoongoza. Nyingine zimepangwa nusu duara. Mdogo huanza kwa kuushika mdundo mmoja bila kuupoteza, dakika baada ya dakika, mikono ikimuuma. Kisha inafika zamu yake ya kuruka mbele ya inkiranya, watu wote wakimtazama. Anaonyesha alichonacho, halafu anarudi mstarini kumpigia mwenzake. Kung'ara na kurudi mstarini: ni mvulana gani asiyehitaji kujifunza vyote viwili?

Mwaka huohuo 2014 ndipo lilipoanza Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa na Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mwanamuziki kutoka Kongo anayejulikana kama Menes la Plume. Wageni huja Dzaleka kusikiliza muziki, na baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi. Nyumba inayopokea mgeni ina kazi ya kumpa kijana: kumpokea, kumwonyesha choo kilipo, kumvusha gizani, kumtafsiria. Kwa siku chache yeye ndiye mwenyeji, na mgeni anamtegemea.

Lakini si kila mwanaume anayempenda mtoto wako anamtakia heri. Mwaka 2022 polisi wa Malawi na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu walitangaza kwamba Dzaleka ilikuwa ikitumiwa na mtandao wa biashara haramu ya binadamu. Wengi wa waathirika waliopatikana walikuwa vijana wa kiume kutoka Ethiopia. Tumezoea kuwahofia mabinti peke yao, na hapo tunakosea. Kabla ya kumwachia mtu mwanao, angalia haya:

- Anakutana na watoto mahali pa wazi, na wewe unaweza kuingia bila hodi ndefu.
- Hampi mtoto simu, viatu au pesa kwa siri.
- Hamwambii mtoto "usimwambie mama."
- Akiahidi kazi ya mbali, anataja jina la mahali na la mwajiri, nawe unaweza kuyathibitisha.

Pesa inapoingia kwa mtoto kabla ya baba

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapopasuka. Kijana wa miaka 15 anaendesha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, au anakwenda ganyu, kibarua cha siku katika mashamba ya wenyeji. Jioni ana kwacha mfukoni, baba hana. Ndani ya mwezi mmoja anaanza kujibu kwa sauti ya juu, na baba, akijua unga wa leo umetoka kwa mtoto, ananyamaza.

Kwanza, kazi yenyewe. Dowa ni nchi ya tumbaku, na majani mabichi ya tumbaku yana nikotini, sumu inayopita kwenye ngozi, hasa yakiwa na umande au mvua. Mvunaji hupata kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika. Mtoto huathirika haraka zaidi kwa kuwa mwili wake ni mdogo. Sheria ya Malawi inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo tumbaku, hapana, hata kama jirani anampeleka wake.

Pili, pesa. Ushauri wangu ni mkali kidogo: kijana anayeingiza chochote akiweke mezani mbele ya wote, mgawanyo ujulikane, kiasi kibaki chake bila kuulizwa. Baba ndiye aongoze kikao hicho, hata kama hakuchangia senti. Mamlaka yake hayatoki kwenye kiasi alicholeta. Yanatoka kwenye kuketi, kusikiliza na kugawa kwa haki, kazi ambayo bashingantahe waliifanya bila mshahara.

Ndege isiyokuja

Vijana wengi wameahirisha maisha hadi wahamishiwe nchi ya tatu. "Nitasoma nikifika Amerika." "Fundi seremala wa nini, mimi kesi yangu iko mbele." Januari 2025 Marekani ilisitisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na baadhi ya waliokwisha kupita mahojiano walibaki walipo. Usimkatie kijana tumaini. Mwulize tu, ukifika huko watakukuta unajua nini? Kiingereza, useremala, kushona na kompyuta vinasafiri naye. Na asiposafiri, vinafaa hapahapa, au Lilongwe sheria ikilegea.

Aibu ya baba

Nimeliacha hili hadi mwisho kwa sababu ndilo gumu. Mwanaume aliyenyang'anywa duka au shamba hubeba aibu, na aibu isiposemwa huwa inatokea kwa njia ya mkono: anampiga mke, anampiga mtoto, au anajimalizia kwa kachasu. Duniani kote wanaume hujiua zaidi ya mara mbili ya wanawake, na wengi hawakuwa wamemwambia mtu. Mvulana anayeishi katika nyumba hiyo anajifunza kwamba mwanaume akiumia, anaumiza.

Je, baba mtu mzima anaweza kubadilika? Rwanda walilijaribu swali hili katika mpango uitwao Bandebereho, ulioanza 2013 katika wilaya nne: Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana. Akina baba wa watoto wadogo walikutana kwa vikao 15, wake zao wakijiunga katika 8, wakiongozwa na baba mwenzao wa kijijini aliyepewa mafunzo. Walizungumza juu ya fedha za nyumba, uzazi, hasira, na namna walivyolelewa wenyewe. Jozi zipatazo 1,200 zilihusishwa katika utafiti, nusu zikiwa katika vikao na nusu nje, na karibu miaka miwili baadaye wake wa waliohudhuria waliripoti vipigo vichache kuliko wa wasiohudhuria. Watoto pia walipigwa mara chache zaidi, na baba walishika zaidi kazi za nyumbani. Hakuna aliyelipwa mshahara ili aache kupiga.

Dzaleka haihitaji mfadhili ili kuanza kitu kama hicho. Wanaume wanane wa eneo moja wanatosha, Mkongo na Mrundi na Mnyarwanda wakichanganyika, Jumamosi jioni, bila pombe. Kikao cha kwanza kiwe na swali moja: baba yako alikufanyia nini ambacho hungependa mwanao akipate? Kila mtu apewe nafasi, na asiyetaka kusema aruhusiwe kusikiliza tu. Cha pili, kila mmoja aeleze siku aliyopoteza kazi au mali yake, na aliwaambiaje watoto. Wengi watagundua hawakuwaambia kitu. Basi waende nyumbani wakawaambie wiki hiyo, na kikao cha tatu walete majibu ya watoto.

Wavulana wenyewe wasialikwe kabla ya kikao cha tano au cha sita. Wakija mapema, wazee wataacha kuzungumza waanze kuhutubia.